Ujumbe Usio na Salamu

Jumatatu, 8 Septemba

Maji yametoka saa nne, kwa kudondoka. Mapipa matatu yamejaa saa saba kasoro. Rukia alishika mpira wa maji huku akitazama hewani. Mpira ukamponyoka, ukalowesha kanga niliyokwisha kuianika. Nilimtazama tu. Inatosha.

Baada ya adhuhuri nimefuta jumbe za simu. Ni kazi ya kila siku, kama kufagia. Leo tisa. Mganga wa nyota. Mkopo wa dakika tano. Bahati nasibu. Mpumbavu mmoja anasema ile hela nimtumie kwenye namba hii. Hela ipi? Hata kudanganya hawajui. Kanuni yangu haijabadilika: ujumbe usio na salamu wala jina la mwandishi ni takataka. Nilipiga chapa barua za wizara miaka thelathini na mmoja. Barua ina anwani, ina salamu, ina sahihi.

Mmoja ulimtaja Rukia kwa jina, na chini yake tarakimu nyingi. Wezi siku hizi wanajua hadi majina ya watoto wetu. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaufuta.

Rukia anauliza kila jioni kama vyuo vimejibu. Namba iliyo kwenye maombi yake ni yangu, kwa sababu simu yake ilitumbukia kwenye pipa mwezi wa saba. Kutumbukiza simu kwenye pipa lenye mfuniko kunahitaji kipaji. Nimemwambia vikijibu nitamwambia.

Jumanne, 9 Septemba

Mama Shamimu wa nyumba ya juu ameteremka kilima saa tatu asubuhi. Sauti yake ilifika kabla yake.

"Mama Rukia, shoga yangu, mie usiku sijalala. Shamimu kapata chuo. Meseji imeingia jana mchana."

Nikampa hongera.

"Na wa kwako je?"

Nikasema bado.

"Bado? Mbona wenzake wote wametumiwa jana. Basi usijali, shoga. Kuna awamu ya pili. Wengine wanapata hata ya tatu."

Uso wa huruma, macho ya mtu aliyekuja mnadani. Ameshanunua begi la magurudumu. Magurudumu, hapa Madale, kwenye barabara hii ya mawe. Atalibeba kichwani kama sisi wengine.

Rukia alikuwa anaosha vyombo uani. Mara vyombo vikanyamaza.

Alhamisi, 11 Septemba

Rukia hajala tangu juzi ila chai. Hasira za kitoto.

Nimemwambia ukweli. Ameomba uuguzi vyuo viwili, kimoja hapa mjini na kimoja Mbeya. Mbeya niliipinga tangu mwanzo. Chuo cha hapa kipo, kitanda chake kipo, mama yake yupo. Mbeya ana nani? Akajaza vyote viwili. Na kujaza kwenyewe alijaziwa na yule Neema wa steshenari ya Tegeta, mwanamke wa kucha za bandia anayeandika kwa vidole viwili. Nilikuwapo. Anadonoa kama kuku. Katikati ya jina la mwanangu alisimama kumuuzia mtu soda.

"Ungenisikiliza, ningeyajaza mimi," nilimwambia.

"Yanajazwa kwenye kompyuta, mama."

"Nimepiga chapa kabla huyo Neema hajazaliwa."

"Sawa, mama."

Hiyo sawa yake siipendi. Ina mlango nyuma yake.

Jumamosi, 13 Septemba

Rukia ameomba kwenda Tegeta kumwuliza Neema. Akaomba na simu yangu. Nilimpa, nikamwonya asiitumbukize mahali.

Amerudi saa saba na nusu. Nikamwuliza Neema kasemaje.

"Kasema mambo yatakaa sawa, mama."

Nilijua. Mwanamke yule hajui kitu. Mambo yatakaa sawa ni lugha ya watu wasiojua kazi.

Mtoto akaingia kufua. Amefua mashuka yote ya nyumba, hata yaliyokuwa safi kabatini. Jioni amekula. Hakuuliza kama vyuo vimejibu. Amekata tamaa, nadhani. Ni afadhali. Mwaka ujao ataomba cha hapa mjini peke yake, na maombi nitayasimamia mwenyewe.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeitwa kwa Mama Shamimu kunywa chai. Nilikwenda kwa sababu ya ujirani, si kwa sababu nyingine. Visheti vigumu kama kokoto. Anajisifu kwa mdomo uliojaa.

Kisha akanipa simu ya bintiye. "Hebu soma mwenyewe, shoga. Wewe ndiye msomi wetu."

Niliisogeza mbali na macho, nikasoma. Ujumbe haukuwa na salamu. Haukuwa na jina la mwandishi. Jina la Shamimu, umechaguliwa, majina ya vyuo, namba ya siri yenye tarakimu nyingi, thibitisha chuo kimoja kabla ya Ijumaa tarehe 19. Asiyethibitisha atapoteza nafasi.

Maneno yale yale. Mpangilio ule ule.

Nikarudisha simu. Nikasema hongera mara ya pili. Nikateremka kilima bila kuaga vizuri.

Nimeipekua simu yangu yote. Hakuna kitu. Mimi huwa nafuta hata zilizokwisha kufutwa, kule simu inakozihifadhi. Najivunia usafi wa simu yangu. Pumbavu kabisa.

Rukia alikuwa anapiga pasi sebuleni. Nilifungua mdomo. Nikasema chumvi imekwisha. Akaenda dukani.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijamwambia. Nilisimama mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili aliniuliza natafuta nini, nikasema mkasi.

Niliyemlaumu kwa uzembe ni yeye. Niliyemdharau ni Neema.

Na niandike ukweli hapa, maana shajara hii haina msomaji mwingine. Juma lililopita niliandika kwamba nilisoma mstari wa kwanza tu. Si kweli. Ujumbe ulikuwa na mistari mitano na niliisoma yote. Neno Mbeya lilikuwa kwenye mstari wa tatu. Nilipofika hapo nikajiambia ni wezi. Nilijiambia haraka mno. Mtu mwenye uhakika hafanyi haraka.

Nimewahi kumdanganya nani kwa maandishi? Hakuna. Nimeanza na nafsi yangu, nikiwa na miaka sitini na miwili.

Kesho Tegeta. Nitaomba namba itumwe tena, nithibitishe hicho cha mjini—

Nimeukata mstari huo. Nithibitishe atakachochagua mwenyewe.

Jumanne, 16 Septemba

Nilimwambia Rukia nakwenda kupima presha. Uongo wa tatu. Nimeanza kuzoea.

Steshenari ilikuwa na foleni ya wazazi. Wanaume wazima wamekunja makaratasi mifukoni, wanamwita mtoto wa watu "sista, nisaidie", hawajui hata tarehe waliyozaliwa mabinti zao. Nilisimama nyuma yao. Sikuwa na haki ya kuwadharau, lakini niliwadharau.

Neema alinyanyua macho. "Shikamoo, mama. Mama yake Rukia, siyo? Kaa hapa kwenye kiti."

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Ujumbe ulikuja, ulifutwa kwa bahati mbaya, naomba utumwe tena.

Aliacha kudonoa. "Mama, mbona Rukia alishakuja Jumamosi? Tuliingia kwenye akaunti yake, tukakuta kachaguliwa vyote viwili. Nikaomba namba itumwe upya, ikaingia kwenye simu aliyokuja nayo. Tukathibitisha hapo hapo."

"Chuo kipi?"

"Muulize mwenyewe, mama. Ya mteja mie siyasemi."

Miaka thelathini na mmoja nilifunga mdomo juu ya barua za watu, na nilidhani kizazi hiki hakijui kitu hicho. Jibu lake lilinipendeza. Nilichukia kupendezwa nalo.

"Inaweza kubadilishwa?"

"Ikishathibitishwa ndiyo basi."

Nilinunua bahasha mbili nisizozihitaji, nikatoka.

Rukia alikuwa uani anachambua mchele. Nilikaa kwenye kigoda kilichokuwa mbele yake. Goti lilinigomea, nikakaa hivyo hivyo. Nikasema ujumbe wake ulikuja Jumatatu ile, na mimi ndiye niliyeufuta.

"Najua, mama."

"Tangu Jumamosi."

"Tangu Jumamosi. Kwenye kompyuta ilionekana saa uliyotumwa. Saa nane kasoro. Saa yako ya kufuta."

"Mbona hukusema?"

Alipeta mchele kidogo. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Siku tatu. Alipika, alifua, aliniletea maji ya kutawadha, akingoja. Na mimi namwagiza chumvi.

Kisha akauliza swali nililokuwa nalikimbia. "Uliusoma?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeaminiwa, nadhani. Kila mtu Madale anaijua kanuni yangu ya salamu.

"Niliusoma wote."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu aliyoijua. Akasema alikuwa amekwisha kuamua tangu Agosti: akipata vyote viwili, atachukua cha hapa mjini. Kwa ajili ya mapipa. Kwa ajili ya goti langu. Hakuniambia kwa sababu alitaka anishtukize.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nikachukua Mbeya."

Hakulia. Wala hakunitukana. Aliinuka na ungo wake akaenda jikoni. Ule ujumbe wa pili hakuuacha kwenye simu yangu. Nilimwuliza wakati wa chakula.

"Niliufuta, mama. Simu yako hupendi iwe na uchafu."



Jumatano, 17 Septemba

Hatujazungumza ila salamu. Shikamoo yake imenyooka kama mstari wa rula. Nimemfundisha adabu vizuri. Sasa ananilipa kwa adabu hiyo hiyo.

Jumbe saba leo. Sikuzifuta. Sikuzisoma vilevile. Zimekaa.

Ijumaa, 26 Septemba

Chuo kimeleta orodha ya vitu. Ndoo mbili, fagio, shuka nyeupe, viatu vyeupe, blanketi zito. Imeandikwa ovyo, vitu vya darasani vimechanganywa na vya bafuni. Niliipanga upya kwa mkono. Nikaiweka mezani kwake. Aliikuta, akaisoma, akaikunja ndani ya daftari. Ile ya chuo ameitupa.

Blanketi la baridi ya Mbeya tumelitafuta pamoja. Dar es Salaam nzima inauza mablanketi ya kupambia vitanda. Muuza duka mmoja ananiambia, "Hili zito, mama, mwenyewe nalitumia." Analitumia wapi, Mburahati, kwenye joto hili? Rukia alicheka. Kidogo, akageuza uso. Sijasikia kicheko hicho tangu mwanzo wa mwezi.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumesoma dua ya safari ya Rukia. Wanawake ishirini na kitu. Nusu walikuja kwa ajili ya dua. Nusu walikuja kwa ajili ya pilau, na hao ndio waliokuwa na sauti kubwa kwenye itikio.

Mama Shamimu hajui kitu, kwa hiyo alisimama kuhutubia. "Jamani, Mama Rukia ni mfano kwetu. Kasimama na mwanawe hatua kwa hatua mpaka chuo kimepatikana. Mie namwambiaga Shamimu, ona mwenzio alivyo na mama."

Wakapiga vigelegele. Nilitazama sahani. Nilipoinua macho nikamwona Rukia ananitazama kutoka kwenye mlango wa jikoni, bakuli la kachumbari mkononi. Ingemtosha kusema neno moja tu mbele ya umati ule.

"Mama Shamimu," akasema, "pilau la wageni wa uani limekwisha, tusaidie kupakua."

Mwanamke akakatisha hotuba yake akaenda kupakua.

Ningekuwa mimi, ningesema. Najijua.

Jumapili, 19 Oktoba

Stendi ya Mbezi alfajiri. Wapiga debe wanamvuta abiria mwenye tiketi kama mwizi aliyekamatwa. Nilimwambia mmoja aondoe mkono wake kwenye begi la mwanangu. Akauondoa. "Samahani, bimkubwa." Bado sauti ninayo.

Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia. Niliyatunga kwa siku tatu, yakiwa na mwanzo na mwisho. Basi likawasha injini. Nikamwambia asivue soksi.

Alinibusu mkono. Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu darasa la nne, akaegemea bega langu. Akasema, "Mapipa usijaze matatu, mama. Jaza moja. Uko peke yako."

Nikamwambia ajali mambo yake.

Jumatatu, 20 Oktoba

Maji yametoka saa tano. Nilishika mpira mwenyewe. Nimejaza pipa moja.

Shuka za kitanda chake nimeziacha. Si chafu.

Jumbe nane. Nimevaa miwani nikazisoma moja baada ya nyingine mpaka mwisho, hata ya mganga. Anaeleza vizuri kuliko nilivyodhani. Saba nimezifuta.

Wa nane umetoka kwenye namba nisiyoijua. Nadhani ni simu ya kuazima. Naunakili hapa kama ulivyo:

nimefika salama. baridi kali. soksi sijavua

Hauna salamu. Hauna jina. Wala herufi kubwa hata moja.

Upo.