Mara ya Tatu Wodini

Dada Ernesta, shikamoo.

Mahindi ya kwetu huku tambarare, Bendera, yanabeba vizuri, na shemeji yako Sadock anakusalimu.

Nakuandikia nikiwa hospitali. Mwanangu Victoria ameharisha tena, na hii ni mara ya tatu kulazwa mwaka huu. Muuguzi aliniambia, "Wodi imejaa watoto wa tambarare, mama. Wa milimani ni wawili tu. Na huu si ugonjwa wa kulazwa, ukimwahi mtoto anapona."

Nimebaki sielewi. Kaka zake niliwalea huko milimani, Gonja, kabla ya kuhamia huku, kwa mikono hii hii, na hakuna aliyelazwa. Maji ya mfereji wa mashambani nayachemsha, labda tu siku za palizi ndipo nasahau. Sadock anasema ni joto. Mama mkwe anasema ni mimi.

Safari hii nilikaa naye siku mbili nyumbani, nikiogopa kuambiwa tena hospitali kwamba nimezembea. Macho yake yalipoingia ndani ndipo nikakodi pikipiki. Muuguzi aliuliza kwa nini nimechelewa. Nikajibu usafiri ulikosekana, naye akaandika hivyo.

Leo Victoria amemaliza kikombe cha uji. Kesho tunaruhusiwa, na sijui tukifika nyumbani nibadilishe nini.

Mdogo wako,
Beatha