Kipoyi cha Asukulu

Louisville, mtaa wa Iroquois

Mama yangu mzazi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Magoti yanasemaje kwenye baridi ya huko mlimani? Na yule mbuzi mkorofi, bado anakula sabuni yako? Sisi tunapumua. Kazi inatuchosha, na watoto wanakua na kunijibu kwa Kiingereza hata nikiwauliza tu kama wamekula. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu tukianza kuzungumza mtandao hukatika, na neno hili sitaki likatike. Barua nimempa mchungaji anayekuja huko mjini Baraka. Ameniahidi atatafuta mtu wa kuipandisha mpaka kwako.

Neno lenyewe ni gari la Asukulu. Kila tukisikilizana unaniuliza gari la mwanao limefika wapi, na mimi nakujibu tuombe Mungu. Sasa nimekwenda nikaliona kwa macho yangu, na nitakueleza lote.

Kwa nini mdogo wangu alilinunua, unajua kuliko mimi. Siku ile dada yetu Mapenzi aliposhushwa hospitali kwenye kipoyi, ile machela ya mianzi ya kubebwa mabegani, Asukulu alikuwa kijana, akashika mwanzi wa mbele. Mapenzi akajifungua njiani kwenye mvua. Mtoto akalia, mama yake akanyamaza. Asukulu hakupenda kusimulia zaidi ya hapo. Alisema tu bega lake linausikia ule mwanzi mpaka leo. Ndiyo maana huku Marekani, wenzake wa Buffalo waliponunua magari ya kupendeza ya kwendea kanisani, yeye alinunua gari la kupanda milima, lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Aliuziwa na mzee mmoja wa Kenmore, pale pale karibu na Buffalo, aliyekuwa akilifunika turubai mwaka mzima na kulitazama tu. Lilikuwa halijatembea kitu. Asukulu akalipa jina Kipoyi. Alisema litapanda meli, litashuka, litavuka mpaka Baraka na kupanda milima ya Itombwe, na hakuna mwanamke wetu atakayefia tena njiani.

Aliliendesha msimu mmoja tu wa baridi, kwenda kazini na kurudi, ili lisizoee uvivu. Kisha ini likamlaza. Akaliingiza garajini jinsi lilivyokuwa, likiwa na tope na theluji yake, akisema ataliosha akipata nafuu. Nafuu hakuipata, na hilo unalijua.

Safari hii nilipopewa likizo nilipitia kwanza Columbus, kumchukua Byaombe, yule mtoto wa shangazi aliyekuwa akitengeneza malori pale Baraka. Siku hizi anakaa mtaa wa Clintonville na kubeba maboksi kwenye ghala, lakini vyombo vyake vya ufundi anavitunza chini ya kitanda. Alipanda na sanduku lake akalipakata njia nzima, kana kwamba ningelitupa dirishani. Akanichokoza mpaka Buffalo. Kwamba gari langu linakohoa, kwamba mimi ninaendesha kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Nilicheka, Mama. Nakwambia hivyo ujue kwamba tulikwenda na matumaini.

Mama Neema, mjane wa Asukulu, alitupokea kwa ugali na mboga ya sombe. Amekonda. Anaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na akirudi anaogesha watoto wake. Tulipokwisha kula alitupeleka garajini, akafungua mlango, akabaki nje.

Gari lilikuwa jeupe. Si rangi yake, rangi yake ni kijani. Ilikuwa chumvi. Huku wanamwaga chumvi barabarani ili theluji iyeyuke, nayo hurukia magari na kuganda. Tangu siku Asukulu alipoliegesha, hakuna aliyelipitishia hata kitambaa. Glovu zake zilikuwa kwenye kiti. Tope la viatu vyake lilikuwa kwenye zulia la miguuni, na alama ya soli ilionekana. Nilimuuliza Mama Neema kwa nini halikuoshwa. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake na ndugu yake.

"Nyumba nilifagia, juu ya watoto wapate kulala," alisema. "Lakini hii garaji nilikuachia weye, shemeji. Nani mwingine angeondoa matanga?"

Ni kweli, Mama, desturi ni yetu na wewe ndiye uliyetufundisha. Vitu vya marehemu havifagiwi wala havioshwi mpaka mkubwa wa ukoo aje aondoe matanga. Kule kwetu mkubwa huja baada ya siku chache. Huku tulizika kwenye theluji asubuhi, na jioni nilikuwa njiani kurudi kazini. Tangu hapo, kila nilipopata ruhusa kulitokea jingine, na mjane wa watu akaitunza garaji vile vile, kwa heshima, msimu mmoja wa baridi baada ya mwingine.

Byaombe alikunja mikono ya shati. Kwanza alitoa kiota cha panya kwenye njia ya hewa, kilichojaa pamba ya kiti. Akanyonya petroli ya zamani kwenye tangi, imegeuka kahawia na kunuka kama rangi ya mlango. Betri ilikuwa imekufa, tukaweka nyingine. Breki zilikuwa zimeng'ang'ania magurudumu, akazibembeleza kwa nyundo na matusi ya Kibembe ambayo sitayaandika. Hakukubali tuwashe haraka. Alifungua plagi zote, akadondosha oili kidogo kidogo kwenye kila tundu, akaacha ilale, kisha akazungusha injini kwa spana, kwa mkono, pole pole, akiisikiliza. Alisema gari lililolala hivi ukiliamsha kwa nguvu litajikwangua tumboni. Kesho yake mchana akatia oili mpya na petroli mpya kidogo, akanipa ufunguo.

Mara ya kwanza lilikohoa, na ya pili pia. Mara ya tatu likawaka.

Mama, likawaka. Moshi mweupe, kisha sauti safi, imetulia. Watoto walipiga makofi. Mama Neema aliingia garajini kwa mara ya kwanza, akaweka kiganja kwenye boneti na kulia bila sauti. Mimi pia nililia, sina haya. Nilikuona wewe umesimama pale njia inapokatia mianzi, unalisikia linapanda.

Byaombe peke yake hakufurahi. Alilala chini ya gari na tochi na nyundo ndogo, akagonga. Mlio ulikuwa mlio wa chuma. Akasogea, akagonga tena, na hakukuwa na mlio. Nyundo ilikuwa imezama. Alipotoka alikuwa na vipande vyekundu vya kutu nyweleni, kama makapi ya mtama.

"Bon. Moteri iko nzima, iko kama ya jana," alisema, akionyesha injini. "Lakini huku chini hakuna gari tena, kaka. Ni chumvi ndio inaishikilia. Ikipanda kilima na mgonjwa ndani, itakatika mbili."

Nilimwambia achomelee. Akanishika mkono, akaniingiza chini nikaguse mwenyewe. Yale mataruma marefu yanayobeba gari zima yalimeguka vidoleni mwangu kama mkate mkavu. Hapakuwa na mahali pazima pa kushikiza chuma kipya.

Mama Neema alikuwa amesikia. "Ni chumvi?" aliuliza. "Si kwetu chumvi inatunza samaki?"

"Samaki, ndiyo, dada," Byaombe akamwambia, akainamisha kichwa.

Nilikasirika, Mama. Nilikasirikia theluji, nikakasirikia kazi zetu, nikaikasirikia desturi yenyewe. Ndoo chache za maji siku ile ya mazishi zingetosha kuiondoa chumvi ile. Lakini ningemlaumu nani? Mjane aliyeshika mila kuliko sisi wote?

Gari lilikuwa bado linanguruma. Byaombe akauliza kwa upole kama alizime. Mama Neema akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akapakata zile glovu.

"Muliache," alisema. "Lizime lenyewe."

Tukaacha mlango wa garaji wazi, tukasimama uani mchana ule mpaka petroli ikaisha. Lilitetemeka kidogo, likanyamaza. Ndipo nikachukua ufagio na maji, nikaosha kila kitu, nikaomba, nikaondoa matanga ya mwanao. Kipoyi kitavutwa kupelekwa kwenye vyuma chakavu. Glovu nimekutumia pamoja na barua hii.

Nisalimie baba mdogo, mwambie dawa ya macho inakuja. Nisalimie shangazi wa Baraka, mama wa Byaombe, na mama wote wa kwaya, na wale vijana waliobeba pamoja na Asukulu na sasa wana mvi kama mimi.

Mwisho, neno kwa mpwa wangu. Zawadi, najua ni wewe unayemsomea bibi yako, na najua ungependa kuruka hapa. Usiruke. Wewe ndiye mtoto aliyelia kwenye mvua. Bibi yako aliniambia vijana wameacha kutengeneza vipoyi kwa sababu gari la mjomba wako linakuja. Msomee kwa sauti: gari halitakuja. Wakate mianzi mipya wiki hii. Na wewe, mwanangu, usiwasubiri. Shuka Baraka sasa, ukae kwa shangazi karibu na hospitali, ushuke ukitembea kwa miguu yako mwenyewe wakati bado unaweza, kabla mimba haijakulemea.

Mimi ni mwanao, na mjomba wako,

Wilondja