Bahasha Arobaini

12 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, ila mafua ya kiyoyozi cha maabara hayaniachi.

Majani yamefika, bahasha arobaini, kila moja na mti wake, namba zote sawasawa. Miti yako ya mlimani ndiyo pekee iliyobaki mibichi miaka hii mitatu ya ukame. Tukishasoma vinasaba vyake tutajua mbegu za kupanda upya mabonde yote yaliyokauka. Mkuu wangu anakusifu mpaka naona wivu.

Binti yako

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuuliza jambo, usikasirike. Nimepima bahasha zote arobaini na zote zinaonyesha majani ya mti mmoja tu. Mkuu akasema nimezembea, nimechanganya majani. Nikapima upya, jibu lile lile.

Wewe unatambua mti kwa kunusa gome. Huwezi kukosea hivyo. Kuna nini? Tumepewa hadi mwisho wa Aprili, la sivyo mbegu zitatafutwa kwingine.

Binti yako

25 Machi

Baba, shikamoo. Kimya chako kinanitisha kuliko majani. Nijibu hata mstari mmoja.

Binti yako

6 Aprili

Profesa wangu,

Marahaba. Nilishaandika "mimi mzima wa afya" kama kawaida, nikafuta, maana siku hizi hata majani yananichongea.

Niliteleza kwenye mawe Novemba, goti likaharibika. Sifiki hata mti namba moja, pale kona ya kwanza. Nilichuma yote kwenye mti wa langoni, nikidhani mashine zenu zinaona aina ya mti tu. Kumbe mna macho! Sikutaka uache kazi uje kuniuguza. Na niliona haya: mlinzi wa msitu miaka thelathini na moja, nishindwe na kilima. Nisamehe kwa aibu niliyokutia mbele ya mkuu wako.

Nimekuchorea ramani. Yote arobaini ninayo kichwani. Namba kumi na tisa iko nyuma ya jiwe lililopasuka, mkaidi kama shangazi yako. Usiipite.

Baba yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nilifika salama, na asante kwa zile siku nne za kwetu mlimani, ingawa miguu yangu haishukuru. Ramani yako haikukosea hata mti mmoja. Majibu yametoka leo: miti arobaini, na hakuna miwili inayofanana. Mkuu amekubali, mbegu zitatoka mlimani kwetu. Kumi na tisa tutaanza nayo, maana ina kitu ambacho hatujakiona kwingine.

Goti linaendeleaje? Daktari niliyekupeleka alisema utembee kidogo kila siku. Usiniandikie "mzima", sitaamini.

Binti yako

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, hasa asubuhi. Mazoezi ya daktari nayafanya huku namsema. Mwanzoni nilikuwa naishia langoni. Jumanne nilifika kona ya kwanza, nikakaa juu ya gogo, nikalia kidogo, nikarudi.

Najua huniamini, na una haki. Humu ndani nimekutilia jani la namba moja. Lipime.

Baba yako