Sababu Uliyompa Mzee Fadhul

Walukuba, Jinja
11 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Twaibah,

Assalaam alaikum, maama. Hujambo huko Mbale? Baridi ya mlimani inakuonea, au umenenepa kidogo? Kifua chako kile cha utotoni kimetulia? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mimi magoti tu, na haya magoti yameendesha lori mpaka Juba na Goma, acha yalalamike.

Nakuandikia kwa kuwa simu yangu hupokei, mwaka wa pili sasa. Lakini kitabu chako umenitumia kwa basi, bila hata kikaratasi cha salamu. Basi nimekisoma chote. Mimi, mtu wa darasa la sita! Walimu walionifukuza wangenipigia makofi.

Kwanza nikusifu. "Cherehani ya Mchana" inatisha kweli. Kile chumba chenye kufuli, cherehani ya marehemu inashona peke yake saa sita mchana, na kitambaa kinachotoka ni sanda! Nilikuwa dukani kwangu Bugembe, jua kali, nimezungukwa na vipuri vya magari, mara Santa, fundi wa jirani, akakanyaga cherehani yake. Nikaruka, chai yote kwenye kanzu. Akauliza kuna nini, nikamwambia nyigu. Mwandishi anayemrusha Asadu mchana kweupe si wa mchezo, na umekiandika na kukichapisha mwenyewe, hakuna mkubwa aliyekushika mkono. Natembea nacho, kila mteja nakionyesha kabla sijamuuzia plagi.

Makosa yapo. Watu watatu wanakufa kabla ya ukurasa wa ishirini, hata majina yao sijayashika, nitawalilia vipi? Mpelelezi wako, afande Namwase, nampenda, ana maneno ya kuchoma, lakini anatazama kiatu mara moja anajua kila kitu. Polisi gani huyo? Halafu lori linalotoka Malaba kwenda Mbale umelipitisha Jinja. Dereva kalewa? Tororo tu unakata kulia. Ungeniuliza mimi.

Sasa Mzee Fadhul. Tumbo, jino la dhahabu, hadithi za Goma zisizokwisha. Nusu ya kitabu namcheka. Mama Nasif, niliyekuwa namsomea akichambua mchele, ndiye aliyeniambia, "Huyo Fadhul ni wewe, baba Nasif."

Nikafunga kitabu. Siku mbili sikukifungua.

Fadhul anamtilia dada yake sumu ili apate kiwanja, kisha anaharakisha maziko kabla binti wa marehemu hajafika, mtu asijue. Hapo, maama, ndipo kitabu chako kilipolegea kuliko pengine pote, na hili nalijua kuliko wasomi wote. Haraka ile uliiandika sawasawa, mpaka vumbi lake. Sababu ndiyo si yenyewe.

Siku tunamzika mama yako Khadija ulinipigia simu. "Mjomba, ningojeni, niko Iganga." Sheikh Amir alisema hakuna ubaya, tunaweza kungoja mpaka alasiri. Aliyekataa ni mimi. Niliwaambia watu dini inataka haraka, wakanikubalia kwa vile nina sauti kubwa. Ulipofika tulikuwa tumesharudi kutoka makaburini, tunanawa udongo uani. Hukulia. Ulinitazama tu.

Ukweli ni huu. Walipokwisha kumkafini waliniita nimuage. Nikauona uso wa dada yangu aliyenibeba mgongoni. Ningekaa naye mle ndani saa mbili zaidi, ningelia kama mtoto mbele ya wanaume wote wa Walukuba, wao wanaomjua Asadu wa mizaha. Niliogopa hilo, nikakunyima uso wa mama yako. Hakuna kiwanja, hakuna sumu. Mwanaume aliogopa kulia, basi.

Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe. Ukichapisha tena, sababu hiyo mpe Fadhul. Usimpunguzie kosa, mwache afande amkamate. Lakini mpe sababu yake.

Uso ule siwezi kukurudishia. Niliuona mimi, na ninao. Nikuambie kidogo tu: midomo alikuwa ameikaza, vile alivyoikaza akishona, akiwa na pini mdomoni, anatungoja tunyamaze. Mengine siwezi kuyaandika. Njoo nikusimulie, na nikilia univumilie.

Mumeo Gidudu mpe salamu, na mama mkwe wako Nabifo, mwambie ndizi zake bado nazisifia. Mama Nasif anakusalimu sana, amekutengea karanga. Mola akuhifadhi, na mkono wako huo unaoandika asiuchoshe.

Ni mimi mjomba wako, anayekupenda hata ukimfunga jela kitabuni,

Asadu