Vitufe Sita na Ripoti Niliyoificha Ndani ya Mtoto wa Meza

Bi Bashira, mshauri wetu, baada ya salamu nnakuandikia wewe kwa sababu kila ninayemjua hapa Mlandege anajuana na mwenye ukumbi, na nnahitaji jibu kabla ya Alhamisi.

Mimi ni fundi wa mitambo katika ukumbi wa maigizo wa viti mia na themanini, mwaka wa kumi na tisa huu, sikusomeshwa na mtu, nlianza kwa kufungua redio mbovu za watu kule Bububu na kuzirudisha zikisema, na kila waya unaopita kwenye kuta za ukumbi ule nimeupitisha mimi kwa mikono yangu, kwa hivyo usinichukulie kuwa ni mtu wa kulalamika ovyo. Hesabu ninazo. Ili mchezo uanze panatakiwa rimoti tano na hatua ishirini na tatu, na ukikosea mpangilio, ukawasha amplifaya kabla ya mashine ya kuchanganyia sauti, spika zinapiga kishindo mpaka vumbi linashuka darini. Mwaka jana tulikuwa na shughuli tisini na sita, na arubaini na moja zilikuwa za wanawake watupu, ambazo mwanamme haingii hata akiwa fundi.

Hizo arubaini na moja ndizo zilizoniumiza kichwa. Mimi nnasimama ujiani, mlango umefungwa, Bi Sichana mtunzaji wa ukumbi yuko ndani na zile rimoti, nnampigia kelele: "Chukua nyeusi!"

"Nyeusi ziko tatu, Msabah! Unataka ipi?"

"Yenye plasta!"

"Plasta imeng'oka tangu Ramadhani, baba we!"

Na wanawake wote wanacheka, na siku moja kile kishindo kikamrusha kitini bibi yake bwana harusi, nikamsikia akiuliza kama nchi imeingia vitani.

Basi ikaamuliwa tununue kidude kimoja cha kuongozea mitambo yote, na Mzee Abizer mwenye ukumbi akaniambia nichague mimi, kwa kuwa ndiye mjuzi. Kurban, muuza vifaa wetu, akatuazima viwili tuvijaribu. Cha kwanza ni kishikwambi cha kioo, kina kurasa tisa na amri sitini na nne, kinang'ara kama duka la sonara. Cha pili ni kibao cha ukutani chenye vitufe sita, basi.

Sasa nisiseme uongo, kile kibao kimeniingia moyoni. Unabonyeza kitufe kinazama, unasikia tik, kitaa chake kinawaka, na baada ya hapo kinafanya mambo manane kwa zamu niliyokipangia mimi: kinawasha projekta, kinaisubiri sekunde arubaini ipate moto, kinateremsha skrini, kinapunguza taa za ukumbini, na amplifaya kinaiacha mwisho kabisa, kama inavyotakiwa. Wakati wa kufunga kinaanza na hiyo hiyo amplifaya, halafu kinaiachia projekta ipoe ndipo kinakata umeme. Mimi mwenyewe siku nyingine nnakuwa na haraka sisubiri ipoe. Kibao hakina haraka.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni Bi Sichana. Nlikuwa nimeshaandika chini ya vitufe: Projekta, Amplifaya, na kadhalika. Akavitazama, akasema, "Mashine inaitwaje si kazi yangu. Mimi nnajua watu wanaingia, mchezo unaanza, watu wanapumzika. Niandikie hivyo." Tukaandika: Watu Wanaingia, Mchezo, Picha, Mapumziko, Kimya, Funga Yote. Mwanamke huyu amefagia ukumbi miaka yote ile huku ameushika wote kichwani, na mimi nlidhani anashika ufagio.

Jumatatu alasiri tukafanya majaribio. Kikundi cha maigizo cha wanawake kilikuwa ndani kinajitayarisha kwa harusi, wote wametiana hina, na Bi Sichana naye hawakumwacha, vidole kumi vyote vimefungwa vitambaa. Mimi niko ujiani nnahesabu kwa masikio. Kishikwambi alikijaribu mara kumi, kikaitika mara tatu tu, kioo hakikuvisikia vidole vyenye hina na vitambaa, na mara ya nane nikamsikia anakitukana kwa Kitumbatu. Kibao mara kumi, kikaitika mara kumi, baadaye akanieleza kwamba alikuwa anabonyeza kwa kifundo cha kidole, na mara tatu za mwisho taa zimezimwa, anapapasa na kuhesabu kutoka ukingoni.

Nikatoka pale nikaenda nyumbani, nikaandika ripoti ya kumtaka Mzee Abizer anunue kishikwambi.

Ndiyo, Bi Bashira. Nliandika kwamba mimi nimekijaribu mara kumi kikafanya kazi mara kumi, na ni kweli, vidole vyangu havina hina. Nikaandika kwamba Bi Sichana "alishindwa kukimudu". Majaribio ya kibao sikuyaandika hata moja. Kwa sababu Mzee alipokiona kile kibao alicheka akaniambia, "Haya Msabah, sasa wewe utakuwa unakuja kunywa kahawa tu," na tokea siku hiyo maneno yale hayajanitoka. Kishikwambi bila ya mimi hakiendi. Kibao anakiendesha yeyote. Nikipendekeza kibao nimejifukuza kazi kwa kalamu yangu mwenyewe, na nina miaka hamsini na mbili, redio siku hizi hakuna anayetengeneza. Ripoti iko ndani ya mtoto wa meza, sijaipeleka, na Mzee anaitaka Alhamisi. Nifanye nini?

Msabah, Mlandege

*

Bwana Msabah,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili sikucheka.

Woga wako naujua. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana cheti cha kutundika ukutani. Cheti chake ni kule kuitwa kila kitu kinapokwama. Ukiondolewa mkwamo unahisi umeondolewa wewe. Hilo halina aibu.

Yenye aibu ni hiyo ripoti. Wewe ni mtu wa hesabu, umenihesabia mpaka hatua za kuwasha spika, halafu majaribio thelathini ukayafanya kumi. Na ukaandika kwamba Bi Sichana alishindwa! Kilichoshindwa ni kioo. Ukumbi ambao karibu nusu ya shughuli zake ni za wanawake, wenye hina na vidole vya kufungwa, unataka kuutia kioo kisichosikia vidole vyao, ili wewe uendelee kusimama ujiani ukipiga kelele? Ndiyo kazi unayoililia hiyo?

Hebu nikuulize: hayo mambo manane yanayokwenda kwa zamu ndani ya kitufe kimoja, nani aliyeyapanga? Kurban? Nani aliyejua kwamba amplifaya huwa ya mwisho kuwaka na ya mwanzo kuzimwa? Ujuzi wako wa miaka kumi na tisa umo ndani ya kile kibao, ndiyo maana kimekuingia moyoni. Unakionea wivu kitu chako mwenyewe.

Sasa sikiliza. Ripoti ile ichane leo. Andika nyingine yenye majaribio yote thelathini, na hina uitaje, usione haya. Pendekeza kibao. Halafu mpangilio wa ndani ufunge kwa neno la siri, mpe Mzee Abizer nakala, asije mtu akauchezea. Rimoti zile tano usizitupe, zitie plasta mpya uziweke kwenye sanduku, kwani hata kibao kitakuja kuugua. Fundisha wanawake wawili wengine, Bi Sichana naye ana haki ya kupata homa.

Na huyo Mzee na kahawa yake usimjibu kwa kununa. Waya uliopitishwa miaka kumi na tisa haujikagui wenyewe. Kesho kagua ukumbi mzima, waya kwa waya, taa kwa taa, uandike kila kinachochakaa na lini kitengenezwe. Alhamisi umkabidhi karatasi hiyo pamoja na ripoti, umwombe akuandikie kazi ya matengenezo kwa mkataba. Mwenye ukumbi akiona orodha ya namna hiyo hamwachi mtu aliyeiandika. Na akikuacha, utaondoka ukiwa mkweli, na karatasi hiyo ataitaka kila mwenye ukumbi kuanzia Darajani mpaka Tunguu.

Jambo la mwisho. Pahala pa kusema nani aliyevipa vitufe majina, usiandike "mtunzaji wa ukumbi". Andika Sichana binti fulani. Kama jina la baba yake hulijui baada ya muda wote huo, kamuulize sasa hivi, kabla hujashika kalamu.

Bashira