Hatua Tatu Kila Upande

Kwako kaka yangu,

Naomba barua hii ikukute umeshakunywa chai, maana nakujua, ukisoma kitu na njaa unakasirika bure. Mgongo wa mama unaendeleaje? Mwambie mkwewe anamsalimia sana. Sisi huku wazima, ila mimi usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu, naamka nimechoka kama mtu aliyecheza dakika tisini.

Asubuhi nafika uwanjani ukungu haujaondoka. Vijana wako wanatokeza mmoja mmoja, kwanza soksi, halafu magoti, halafu sura. Siku nyingine nasimama na ndoo ya chokaa nikingoja na wewe utokeze nyuma yao na filimbi. Anatokeza mwalimu wa hesabu, ndiye aliyeshikishwa timu kwa muda. Anawafundisha kona kwa kuwachorea pembe ubaoni, na yule kipa tunayemwita Twiga amemuuliza tangu lini mpira ukamsubiri mtu apate jibu.

Hawajashinda hata mechi moja tangu uondoke. Ila Jumamosi tulifungwa mbili kwa moja tu, na dakika za mwisho walikuwa wakipeana mpira polepole, bila haraka, mpaka nikajiona kama naota. Jukwaani wanafunzi wenzao walikaa kimya, hakuna aliyezomea. Kimya hicho hukuwahi kukipata wewe.

Unakumbuka wakubwa walipohitimu wote kwa mpigo, ukabaki na watoto wa mwaka wa kwanza? Ulimwomba mkuu wa chuo misimu miwili ya uvumilivu. Mimi uliniambia nikate nyasi, nichore mistari, nisubiri. Wanafunzi wakawa wanawaita chekechea, wanawauliza chupa za maziwa wameziacha wapi. Nilisikia yote, maana mtu wa chokaa hakuna anayemwona.

Sasa kaka, kaa chini.

Baada ya kufungwa mara ya nne hapa nyumbani, nilimkuta Sabuni, mshambuliaji wako, nyuma ya choo cha uwanja, amejifunika jezi usoni analia. Kesho yake nilipochora, nikaisogeza ndani kamba ya kuchorea mistari ya pembeni, hatua moja kila upande. Wiki iliyofuata mbili. Halafu tatu. Magoli sikuyagusa, boksi sikuligusa, ndiyo maana hamkushtuka. Mistari ya zamani niliacha nyasi ziimeze.

Uwanja ukawa mwembamba. Pasi za watoto zikaanza kufika, na wageni wenye mbio wakakosa pa kupita. Tukatoka sare, kisha tukashinda mbili mfululizo. Ulinikumbatia mpaka ukatoka na chokaa kifuani, ukasema umeona, uvumilivu huo. Nami nikacheka na wewe, Mungu anisamehe.

Halafu tukaenda ugenini, tukala saba. Pasi zikawa zinaishia njiani, mabeki wamebanana katikati kama watu wanaojikinga mvua, pembeni kweupe kabisa. Ndani ya basi ulisema umewaharibu watoto wa watu, kwamba kufundisha hukujui. Ukaandika barua ya kuacha kazi. Mimi nikakubebea begi hadi kituoni, tukangoja basi nusu saa nzima, na mdomo ninao.

Hukuwaharibu wewe. Niliwaharibu mimi, kwa kushindwa kungoja. Siku uliyoondoka nilirudisha mistari mahali pake, lakini kurudisha kimyakimya ni kuficha mara ya pili, na wiki hii nimeshindwa kuendelea.

Jumatatu nilimwambia mkuu. Aliuliza mara mbili kama nilijua ninachofanya, nikasema nilijua. Jana nikawaambia vijana. Twiga alisema kumbe mzee ulikuwa mchezaji wetu wa kumi na mbili, wakacheka. Sabuni hakucheka. Alisema yale mabao mawili aliyofunga tulipokuwa tukishinda, alimpigia mama yake simu kumwambia, sasa amwambie nini?

Mkuu amesema nafasi yako ipo mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba ile misimu miwili aliyokuahidi ataanza kuihesabu upya. Kazi yangu mimi ataiamua akishaongea na wewe. Usinitetee. Ukirudi ukanikuta nimeshaondolewa, usikae kunitafuta kwanza. Nenda moja kwa moja uwanjani, watoto wameanza kujua upana wake, na wanaharibu kona zote kwa zile pembe za ubaoni.

Nisalimie mama, ila haya yasome peke yako kwanza, kisha umwambie kwa namna utakayoona inafaa. Shemeji yako anakusalimu. Yeye anajua tangu juzi na hajanisemesha vizuri bado.

Ni mimi mdogo wako,
Mtu wa chokaa