Miti ya Kokoa Inayosubiri Panga

Baba Tumaini, mpenzi wangu uliye mbali,

Mwanao ameilamba kamera yako leo asubuhi. Nimegeuka kumenya ndizi tu, kumbe kashauvuta ule waya wake bapa na jicho lote limeingia mdomoni. Nimeipangusa kwa khanga, nikaiwasha ile kompyuta yako ndogo kama kiberiti. Inaona. Ndaga fijo, asante sana, nimemwambia Mungu, maana leo ndiyo tegemeo langu. Nakupigia tangu asubuhi, hupatikani. Sijui mtandao ukoje huko Malawi ulikokwenda kufunga sola. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Basi naandika.

Baba yako ameamka na panga. Anasema kokoa yetu imekufa kwa mafuriko ya mto Songwe, anaikata yote apande mpunga. Ile kokoa tuliyopanda nikiwa na mimba ya Tumaini, wewe ukinikataza kuinama, halafu hapo hapo unanituma maji.

Unakumbuka siku kamera ilipofika? Uliielekeza kwenye migomba, majani yakatoka rangi ya waridi. Nikakwambia wamekuuzia mbovu. Ukacheka.

"Hii haina chujio, mke wangu. Inaona mwanga ambao macho yetu hayauoni."

Ukanionyesha jani la mti mzima linavyong'aa, na la mti unaokufa linavyofifia, hata kama kwa macho yote ni kijani. Mimi na darasa la saba langu nikaelewa. Ukaniita fundi. Neno hilo sijalisahau.

Basi leo nimeipeleka shambani, nikajibanza nyuma ya migomba. Mstari wa kando ya mto umefifia kweli, hapo baba hajakosea. Lakini mingine yote, pamoja na tope lile na majani kulegea, inang'aa. Iko hai.

Sasa nani amwambie? Mdomo wangu kwake ulikuwa wewe. Mila ya kwenu unaijua, mkwe hasimami mbele ya baba mkwe. Tangu unioe, hata uso wake siujui vizuri. Na huko shambani, naangalia kioo cha kamera, akapita mwenyewe katikati ya picha. Nikachuchumaa, nikajifunika khanga gubigubi, kana kwamba kioo nacho kinanionyesha kwake. Mama yako alikuwa nyuma yangu. Alicheka mpaka akakaa chini, maana lile koti jeusi la mumewe limetoka zambarau. Akasema miaka yote hii hajamwona amependeza hivyo.

Nimemwomba anipelekee maneno. Amekwenda amekipakata kioo kama mtoto. Mimi nimerudi hapa barazani na moyo haukai. Baba asije akasema mke wa mwanawe sasa anamchungulia kwa mashine. Nimesikia panga likigonga, mara ya pili tena. Sasa kimya, na kimya hiki kinanitesa kuliko panga.

Akiikata, ujue sikunyamaza. Asipoikata, nitakuwa

Mama ananiita kutoka shambani. "Mama Tumaini, njoo, baba yako ameweka panga chini." Anasema mzee hataki maneno ya kuletewa, nije mwenyewe, nisimame nyuma ya migomba nimpe mgongo, nimtajie mti mmoja mmoja, upi ubaki na upi ukatwe. Nakwenda.